Muulize Babu Spana: Bolti Imekatikia Ndani

*Babu, shikamoo. Marehemu baba aliniachia Honda CG125 aliyokuwa akizungukia vijijini enzi zake za ubwana shamba. Nilitaka kufungua ekzosi, bolti moja ikagoma. Nikaongeza bomba kwenye spana, ikakatika. Fundi jirani akaja na kile chuma cha kung'olea bolti, chenye nyuzi za kinyumenyume, nacho kikakatikia humohumo. Ndugu wanasema baba amekasirika. Nifanyeje?*
Mrithi, Lizaboni

Marahaba, mjukuu. Baba yako mwache apumzike, aliyekasirika ni mimi.

Bolti ni chuma, hedi ni alumini. Miaka yote hiyo zimepigwa na joto la ekzosi, kisha tope la masika, kisha maji ya kuoshea. Metali mbili za aina hiyo zikilowana pamoja zinalana, na ule unga mweupe unaojaa kwenye nyuzi unashika kuliko gundi. Hapo ukiongeza bomba kwenye spana unaiomba bolti ikatike. Hilo nalisamehe, maana hata fundi mzuri hukatikiwa. La jirani yako silisamehe. Chuma chake ni kigumu mno, na biti ya kawaida ya drili haikigusi. Kazi ilikuwa ya asubuhi moja, sasa imekuwa kesi.

Bahati yako ni CG. Honda waliiunda miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo oili hubadilishwa mtu akikumbuka, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo. Wachina wakainakili, na bodaboda nyingi zinazokupita hapo Lizaboni zina injini ya ukoo huo. Kwa hiyo hedi nyingine haikosekani mjini. Lakini ya baba ni ya baba, tuipiganie.

Shusha tangi la petroli, ulipeleke mbali, kisha ufungue hedi. Mtafute mchomeleaji, yule yule wa mageti na grili za madirisha, ila awe na mkono mtulivu na fimbo nyembamba za milimita 2.5. Aweke nati juu ya kile kisiki, tundu la nati liwe pana kidogo kuliko kisiki, achomelee kwa ndani kutoka katikati. Usiogope, fimbo ya chuma haishiki kwenye alumini. Ikikatika arudie. Nati ya tatu au ya nne ndiyo hukubali, na joto la kuchomelea lenyewe limeshafanya nusu ya kazi.

Kabla ya kuzungusha, pasha moto alumini ya pembeni, usipashe bolti. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linaachia. Dondosha tone la maji: likirukaruka, inatosha. Ukipaka sabuni ya mche ikageuka nyeusi, umepitiliza, na alumini haikuonyi kwa kuwa nyekundu. Ikifika nyuzijoto 660 inamwagika tu. Gusisha mshumaa kwenye ukingo wa bolti, nta itavutwa ndani ya nyuzi. Sasa zungusha robo kulia, robo kushoto, kwa spana fupi. Spana ndefu mrudishie jirani.

Na hedi hiyo usiichemshe kwa shabu kama nilivyomshauri msomaji wa mwezi uliopita. Yake ilikuwa mfuniko mtupu. Yako ina viti vya valvu vya chuma, navyo vitaliwa.

Ukirudishia ekzosi, funga kwa nati za shaba. Siku nyingine itaharibika nati, bolti ipone.

*Babu, nina BSA ya zamani, ya Mwingereza. Bolti ya milimita 8 imeingia vizuri mizunguko miwili, kisha imekaba. Nigonge?*
Mwenye Subira, Peramiho

Subira gani hiyo yenye nyundo? Irudishe nyuma taratibu.

Chombo chako ni cha Birmingham, enzi za inchi. Tundu la inchi 5/16 ni milimita 7.94, ndiyo maana bolti ya 8 inajiona imefika nyumbani. Lakini kwenye bolti yako, kutoka uzi hadi uzi ni milimita 1.25, na Waingereza sehemu nyingi za pikipiki waliweka nyuzi 26 kwa inchi, yaani pungufu kidogo ya milimita 1. Mizunguko miwili zinavumiliana, wa tatu zinagombana. Hesabu nyuzi za bolti ya zamani kwa rula, kisha mkerezaji akukerezee mpya. Nawe uko Peramiho! Wabenediktini wapo hapo tangu 1898, na karakana zao zilikuwa zikifanya kazi za chuma kabla sijazaliwa. Kilichokufanya uniandikie mimi wa mjini sikioni.

*Shikamoo Babu. Kwa sababu ya safu yako, tangu Ijumaa mume wangu anachemsha mfuniko wa klachi kwa shabu kwenye sufuria yangu ya pilau. Kila saa anafunua na kutabasamu.*
Mama Sufuria, Bombambili

Marahaba, mama. Niliandika sufuria ya alumini, kwa kuwa ya chuma ingeliwa pamoja na bolti. Ya pilau hiyo kaongeza mwenyewe.

Anachotabasamia ni vipovu. Shabu ile ile ya kinyozi, ikiyeyushwa kwa wingi katika maji ya moto, hula chuma na kuiacha alumini. Vipovu vikipungua, maji yamechoka, aongeze nyingine. Bolti ikilainika na kuwa tope jeusi, ataichokonoa kwa msumari. Asiharakishe kwa kuongeza kuni. Maji yakikauka mfuniko utaungua.

Sufuria isirudi jikoni hata ukiisugua kwa majivu, itafaa kumwagia oili chafu. Akununulie nyingine leo, kubwa kuliko hiyo, kabla pikipiki haijawaka. Ikishawaka hutamwona mpaka jioni.