Kuni Tele, Baridi Palepale: Mwongozo kwa Aliyehamishiwa Njombe

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na barua za uhamisho zina tabia ya kuufuata nyumanyuma. Ndiyo maana mtumishi aliyekulia Tanga au Temeke hujikuta anashuka Makambako katikati ya kipupwe, upepo ukimdaka kabla ya mpiga debe, mkononi ana begi la mashati ya mikono mifupi na feni ya kusimama iliyofungwa kamba kwa uangalifu mkubwa. Ikiwa ndiye wewe, karibu. Feni usiiuze bado. Itakufaa kupulizia kuni, mradi ufuate maelekezo haya bila kuruka hatua.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, upande wa Makete, unafika kwenye mita 2,600, na huko mwezi wa Juni na Julai watu huamka wakakuta sakitu imelala juu ya majani. Nyumba nyingi za mjini, hata hivyo, zimejengwa kwa ramani zilezile za kule ulikotoka: madirisha mapana, matundu ya hewa chini ya paa, sakafu ya saruji inayonyonya joto kutoka nyayoni hadi magotini. Utahitaji moto. Na kwa kuwa miti imeuzunguka mji kila upande, utaamini kwamba kupata kuni ni suala la kutoka nje na kuita.

Hatua ya kwanza ni kusubiri. Wenyeji hukata na kuchanja kuni za kipupwe kijacho mwezi wa Septemba na Oktoba, jua likiwaka, wakazipanga upenuni kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wengine huzipandisha uchagani, juu ya moto wa jikoni, zikakaa pamoja na mahindi hadi zikauke kabisa. Hao ni watu wenye haraka. Wewe ngoja usiku utakaolala na soksi, koti na taulo kichwani, kisha asubuhi yake nenda kwa muuza kuni ukiwa umekunja mikono kwapani, ili hali yako isomeke kabla hujafungua mdomo.

Salimia. "Kamwene" inatosha, na lafudhi yako itamaliza utambulisho uliobaki. Halafu uliza swali ambalo kila mgeni huliuliza:

"Mama, kuni hizi ni za mti gani?"

"Miwati, mwanangu. Miwati mitupu."

Umeuliza vizuri na umejibiwa ukweli. Ishia hapo. Usije ukauliza zimekatwa lini. Usichukue vipande viwili ukavigonganisha, kwa sababu kuni kavu hulia kwa sauti kali na mbichi hutoa mguno mzito, na ukishausikia mguno huo utalazimika kuondoka. Usiangalie kwenye ncha kama kuna nyufa. Usibandue ganda kuona kama linaachia. Mama atakuambia, "Hizi kavu, si unaona?" na kwa nje ni kweli, zimeanikwa tangu juzi. Kubali, lipa, mwite kijana wa toyo akubebee.

Hapa inafaa ujue ulichonunua. Mti uliokatwa karibuni, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mzigo wa kilo 100 una kilo 50 hivi za maji, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20, ambazo umezilipia kwa bei ya kuni na kuzilipia tena nauli ya toyo. Moto utakaouwasha utakuwa na kazi ya kuyachemsha maji hayo yote na kuyapeleka hewani kwanza. Joto litakalosalia baada ya hapo ndilo lako. Jina la mti halina uwezo wa kubadilisha hesabu hiyo. Kilo moja ya kuni zilizokauka sawasawa, uwe mti gani, hutoa joto linalokaribiana sana na kilo ya mti mwingine. Tofauti kubwa iko kwenye uzito wa mti wenyewe, kwamba kumbatio moja la mti mgumu lina kilo nyingi zaidi, linaungua polepole na kuacha makaa yanayodumu. Kwa hiyo mtu mwenye mabanzi makavu ya msindano atakaa kwenye joto wakati wewe, mwenye miwati bora kabisa iliyoangushwa wiki iliyopita, unafuta machozi.

Lakini nani atakayekuamini ofisini ukisema umenunua mabanzi? Endelea na miti yenye jina.

Muwati unastahili sifa zake zote, nasema bila kejeli. Ulitoka Australia, ukatapakaa Njombe kwa ajili ya ganda lake, ambalo lina dawa ya kutengenezea ngozi; kampuni ya Tanwat ilianzishwa mwaka 1949 kwa biashara hiyo. Ganda likishabanduliwa linabaki gogo lililo uchi, linalokauka haraka kuliko lenye ganda, linalopasuka vizuri kwa shoka na kuacha kaa zuri zito. Mbegu zake huchipuka kwa wingi baada ya moto kupita shambani, kwa hiyo hata ukiuchoma unauzidisha. Ukiwa mkavu sina la kuupunguza. Ukiwa mbichi, utajua kwa masikio: gogo linaanza kufoka, povu linatoka kwenye ncha zote mbili, maji yanachuruzika kwenye majivu na kuzima yale makaa machache uliyoyapata kwa kuchoma madaftari. Wakati huo ndipo feni inapoingia kazini.

Mkaratusi, ambao wengi huuita mlingoti, nao ni wa Australia na nao ni mgumu. Unawaka kwa joto kali na unadumu. Mitego yake ni miwili. Wa kwanza ni shoka: upasue ukiwa bado mbichi, kwa sababu nyuzi zake ni za kusokotana na ukikauka ukiwa gogo zima utapiga shoka likadunda, na majirani watatoka kuangalia. Kuchanja ukiwa mbichi na kuchoma ukiwa mkavu kunataka subira ya miezi kati ya mambo hayo mawili, na wewe ulikuja Julai. Wa pili ni kudanganywa na majani. Yana mafuta, yanalipuka kwa mwali mzuri na harufu ya dawa ya mafua, na mgeni huona mambo yamekaa sawa. Dakika mbili baadaye yamekwisha, gogo halijapata habari.

Msindano ndio mti wa mbao wa nyanda hizi, kuanzia mashamba ya Sao Hill kule Mufindi hadi kwenye viwanja vya watu binafsi. Kinachouzwa mjini kwa kuchoma ni mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye ganda upande mmoja ambayo mashine ya kupasua mbao huyatoa kwanza. Ni rahisi, mepesi, hukauka upesi, na vifundo vyake vimejaa utomvu unaowaka hata ukiwa na kiberiti chenye njiti moja. Tumia hivyo vifundo kuwashia. Ila ukitaka kukesha na mabanzi, panga na mtu wa zamu, maana kila ukisinzia moto umekwisha. Utomvu huo pia hurusha cheche, na msaipresi wa kwenye ua hurusha zaidi. Kaa karibu na zulia lako jipya ulione likitobolewa.

Bidhaa nyingine ya mashine za mbao ni maranda, na hapa kuna kifaa kinachostahili kuelezwa. Chukua kopo la rangi la lita 20. Toboa tundu ubavuni, chini kabisa, linalopitisha ubao mwembamba au kijiti kinene. Ingiza kijiti hadi katikati, simamisha chupa juu ya ncha yake, kisha jaza maranda makavu kuizunguka na kuyashindilia kwa ngumi, tabaka kwa tabaka, hadi juu. Chomoa chupa kwa kuizungusha, halafu chomoa kijiti. Imebaki njia moja ya hewa inayoingia chini na kutokea juu. Washa kwa chini, nayo maranda yataungua polepole kutoka ndani kwenda nje kwa saa nyingi, bila kuongezwa chochote. Ni ufundi wa watu walioona taka wakaipa kazi. Mchango wako katika ufundi huu utakuwa kulisogeza kopo kidogo likiwa limeshika moto, ili ukuta wa ndani uporomoke, moto uzibwe, na uanze upya na chupa. Na liwe uani au jikoni penye hewa, kwa sababu nitakazozitaja punde.

Miti mingine nitaipitia haraka. Mianzi ya ulanzi usiiguse. Kipande kibichi kikiwekwa motoni, hewa iliyofungwa kati ya pingili hupanuka na kupasuka kwa mshindo wa kuamsha mtaa, na mtaa ukiamka utauliza nani amekata mwanzi unaogemwa. Mparachichi pia uache, si kwa sababu ya moto, bali kwa sababu mwenye mti anajua idadi ya matawi yake na bei ya kila tunda. Mbula, ambao huku huitwa msaula, mbao yake ina chembe za mchanga ndani kwa ndani na hufanya shoka butu kwa mapigo machache, nunua mawili. Kuhusu mnyaa wa kwenye ua, ambao huenda umeuzoea tangu pwani, utomvu wake mweupe unaweza kuharibu macho, na moshi wake nao huwasha vibaya. Huo usiuchome popote, Njombe wala kwenu.

Kisha utakutana na zawadi. Mtu atakuletea vipande vifupi vya nguzo, vikavu, vizito, vilivyonyooka, vyenye rangi ya kijani kwa mbali, naye hataki hela. Kejeli naiweka pembeni kidogo. Nguzo za umeme na za uzio hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa, na ile ya kijani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Ukichoma, sehemu inatoka na moshi na sehemu inabaki kwenye majivu, yaleyale ambayo ungeyamwaga kwenye mboga. Nguzo nyeusi zinazonuka lami nazo zisiingie ndani.

Sasa utauwashia wapi? Nyumba chache za zamani, za misheni na za mashamba makubwa, zina meko ya ukutani na dohani. Ukipangiwa mojawapo utapiga picha na kuwatumia waliobaki Dar. Kabla ya picha, choma karatasi moja chini ya dohani uone moshi unaelekea wapi. Moshi ukirudi sebuleni, kuna kiota, au kuna masizi ya miaka. Masizi hayo hutoka hasa kwenye kuni mbichi: moshi wake wa baridi wenye maji huganda kwenye kuta za dohani, mwisho masizi hushika moto na paa linafuata. Hata dohani ikiwa safi, sehemu kubwa ya joto la meko ya wazi hupaa na moshi. Utapashwa joto la magoti, mgongo utabaki Makete.

Walio wengi hawana dohani, wana jiko la mkaa, na hili sina namna ya kulifanyia mzaha. Jiko likishashika vizuri, moshi umekwisha, makaa ni mekundu, huonekana limekuwa salama, na mtu hulibeba akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akaziba na matundu kwa matambara. Makaa hayo bado yanatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, haimfanyi mtu akohoe. Huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi, na ule usingizi mtu huudhania kuwa ni raha ya joto. Familia nzima hukutwa asubuhi. Kama watu wote chumbani wanaumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, jadilini baadaye, na mwende hospitali. Jiko la mkaa, kopo la maranda, beseni la makaa: hakuna kinacholala ndani na mtu. Ota moto jioni penye hewa, jiko libaki nje, ingia kitandani na mablanketi mawili na chupa ya maji ya moto.

Inabaki adabu, ambayo mgeni huivunja bila kujua. Majirani wanaopika kwa kuni wana jiko la nje, moshi unatokea kwenye nyasi au bati, na jioni watu hukaa humo. Utaitwa. Usifike ukaanza kurekebisha moto. Kila moto una mwenyewe, na mwenyewe ameshaamua kinga kipi kisogee na kipi kivutwe nje. Ukikutana na mzee, mwite mzee, mpishe upande usio na moshi. Na siku utakapofanikiwa kuwasha wako, atakuja yeye, ataketi, atautazama kwa muda, kisha atainama na kuvuta magogo yako yote nje isipokuwa matatu. Unaweza kumweleza yale uliyoyasoma kwenye simu kuhusu mzunguko wa hewa. Atakusikiliza hadi mwisho bila kukukatiza, na akimaliza kukusikiliza atavuta na la tatu.