Kuchamba Kwingi

Katika duka moja la ghorofa nyingi mtaani Ginza, Tokyo, kuna akina mama watatu wenye sare za bluu na glavu nyeupe ambao wameniona katika hali ambayo mama yangu mzazi aliacha kuniona nikiwa na miaka minne. Ni wiki ya tatu sasa. Juzi jirani aligonga mlango kwa haraka kidogo, nikashtukia nimeegemea ukuta napiga kelele, "Daijobu! Daijobu!" Maana yake, sina neno. Ndilo neno la Kijapani ninalolijua kuliko yote, na nilijifunza kwa dakika moja, nikiwa nimelowa.

Nilikuwa nimeingia chooni kwa haja ya kawaida na nimeshaimaliza. Mtu mwenye akili zake angefungua mlango akatoka. Mimi nikageuka, nikainama, nikaanza kuchunguza maji yanatokea wapi.

Mnielewe. Sisi tuliolelewa Tanga na kopo la plastiki pembeni ya choo tuna maoni yetu kuhusu watu wa karatasi. Tumewasema vya kutosha, na harusini tumewasengenya. Halafu unafika nchi ambako watu wamelichukua jambo lile lile la kuchamba wakalikabidhi kwa wahandisi. Kikalio kina joto kama kimeachwa sasa hivi na mtu mnayependana. Ukutani kuna kibao cha vitufe vingi kuliko rimoti ya televisheni. Ukibonyeza kimoja, kijibomba kinachomoza polepole, kwa adabu, kinakuosha, kisha kinajisuuza chenyewe na kurudi ndani kwake. Hakuna mkono uliohusika.

Kampuni iliyovipa vyoo hivi umaarufu ilianza kuviuza mwaka 1980. Kabla ya hapo walikuwa wakileta kifaa cha Marekani kilichoundwa kwa ajili ya wagonjwa, lakini maji yake mara ya moto, mara ya baridi, na shabaha ndiyo kabisa. Wakaamua kutengeneza chao. Sasa, shabaha ya nini na iko wapi? Hapo hakuna kitabu cha kufungua. Wahandisi wakawaomba wafanyakazi wenzao, zaidi ya 300, wanaume kwa wanawake, wakae juu ya kikalio kilichotandikwa waya na kuonyesha mahali penyewe. Hebu fikiria umeajiriwa uhasibu, una shahada yako, unaitwa ghorofa ya chini kwenda kuonyesha mahali. Lakini wakapata jibu: maji yaruke kwa nyuzi 43, ili yanayorudi yasikiangukie kijibomba, na yawe na joto la nyuzi 38. Tangazo lao la televisheni la mwaka 1982 lilimwonyesha dada aliyejipaka rangi mkononi akijaribu kuifuta kwa karatasi. Rangi haikutoka. Bibi yangu angelisimamia tangazo lile bila malipo, maana hotuba yake ilikuwa hiyo hiyo.

Kampuni yenyewe inaitwa TOTO. Jina limeandikwa kwenye vyoo vya nchi nzima, na ndiyo sababu shoga yangu niliyesafiri naye alitoka mbio kwenye choo cha kwanza pale uwanja wa ndege, uso umemkunjamana. "Mwenzangu, tumekosea mlango. Hivi ni vya watoto." Akaingia cha pili, akatoka. Cha tatu, akatoka. "Nchi gani hii haiwafikirii watu wazima?"

Na kuna jambo lililonigusa moyo. Kwenye kitasa cha kuvutia maji huandikwa herufi mbili, 大 na 小. Ya kwanza ni kubwa, ya pili ni ndogo. Kubwa na ndogo! Hakuna aliyewafundisha. Watu wako huko mawioni kwa jua, hawajawahi kusikia hadithi ya sungura na fisi, nao wanaigawa haja vile vile tunavyoigawa sisi.

Hata aibu yao ni yetu. Akina mama wa huko walikuwa wakivuta maji mara mbili tatu ili jirani wa chumba cha pili asisikie kinachoendelea, na maji yakawa yanapotea bure. Mwaka 1988 ikaletwa mashine ya kutoa sauti tu ya maji, ikaitwa Otohime, binti mfalme wa sauti. Siku ya kwanza niliigusa kwa bahati mbaya. Nikasikia mto unakuja. Nikainua miguu, nikaungoja. Haukufika.

Basi, Ginza. Mwaka 2017 watengenezaji walikubaliana kutumia alama za aina moja kwenye vitufe, kwa kuwa wageni walikuwa wakitaabika. Choo nilichokiingia mimi kilikuwa cha kabla ya makubaliano: herufi tupu. Nikabonyeza kitufe cha kuchamba nikiwa nimesimama, nikione kijibomba kikitoka. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Kumbe kikalio kina akili ya kujua kama kuna mtu amekaa, na kama hayupo, maji hayatoki. Kwa fundi huo ni mwisho wa hekima. Kwa mbea ni changamoto. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya kikalio, nikaukandamiza kwa uzito wa mtu mzima, nikasogeza uso karibu, na kwa mkono wa kulia nikabonyeza.

Kilitoka. Kilitoka vizuri mno, cheupe, chembamba, kikasimama mbele ya pua yangu kama kinanisalimu. Kisha zikaja nyuzi zile 38, kwa pembe ile ya 43, na zikanipata katikati ya macho.

Niliruka nyuma nikateleza, na anayeteleza hushika kilicho karibu. Nikakishika kikalio. Kadiri nilivyokikaza ndivyo chombo kilivyozidi kuamini kwamba bibi ameketi, na kikazidi kunihudumia. Mtandio ukalowa. Buibui likalowa kifuani. Ukuta, kioo, karatasi zao zilizokunjwa ncha kwa unadhifu, vyote vikalowa. Nilichotakiwa kufanya ni kuachia mkono. Wazo hilo lilinijia jioni, hotelini. Pale pale nilichokiona ni kibao cha vitufe, na kimoja kilikuwa chekundu, na mimi najua nyekundu ni simama. Nikakipiga ngumi.

Kile chekundu ni cha kuomba msaada. Kimewekwa kwa ajili ya wazee na wagonjwa wanaoanguka chooni. Kengele ikalia mpaka nje, na kabla sijafuta macho nikasikia mbio za viatu na sauti ya upole, "Okyaku-sama! Okyaku-sama!" Mteja mheshimiwa! Mteja mheshimiwa akafungua mlango akiwa anachuruzika. Wale akina mama wakaniinamia. Nami nikawainamia, na maji yaliyokuwa kwenye mtandio yakamiminika juu ya viatu vya mmoja wao. Akaniomba radhi yeye. Akapiga magoti kukausha sakafu huku akiendelea kuniomba radhi, na nyuma yake, kwenye foleni ya wanawake kumi waliokuwa wakitazama dari kwa heshima, shoga yangu akauliza kwa Kiswahili cha sauti ya juu, "Shoga, kumbe umeoga?"

Wahenga walituonya kuhusu kuchamba kwingi. Methali siimalizii, mnaijua.

Mengine yalikuwa madogo. Shoga yangu alidhani wasabi ni parachichi lililopondwa, akatia kijiko kizima. Kule Nara paa walimwinamia, naye akiwa bado anawarudishia salamu, mmoja akala ramani. Alinunua jiko la kupikia wali la volti 100, likapika Tanga kwa nusu dakika. Alimnunulia pia mwanawe fulana ya yule dubu mweusi mwenye mashavu mekundu, ambaye jina lake na la mji wake huko Kyushu siwezi kuyaandika hapa kwa heshima ya wasomaji. Yameandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Fulana iko kabatini.

Fuji tuliiona kutoka dirishani mwa treni. Nzuri sana.

Tukatua Dar, tukaenda kupanda basi la Tanga. Choo cha stendi kilikuwa shilingi 300. Nililipa, nikaingia, nikakuta pipa tupu na kopo limefungwa mnyororo. Kopo, jamani, lisiibwe, na maji hamna. Nikamrudia kijana wa mlangoni. "Maji yamekata, mama." Basi nirudishie pesa yangu. Akanicheka. Sikucheka mimi. Vyoo vya bustani na vituo vya treni kule tuliviingia wiki mbili nzima bila kulipa senti, na hawa watu hata si wa kopo. Watu wa kopo ni sisi. Tuliojisifu mbele ya dunia nzima ndio tunaotozwa mlangoni kwa pipa kavu.

Tulipopita Mkata, kondakta akatangaza kuchimba dawa. Wanaume upande huu, wanawake ule. Shoga yangu akanishikia kanga, nami nikachuchumaa kwenye nyasi zilizojaa mbigili, mkononi nikiwa na chupa ya maji ya kunywa, nusu. Dereva akapiga honi. Kitufe cha kumsimamisha hakikuwepo.

Wewe msomaji ukijaliwa kufika Japani, kitufe cha kusimamisha ni kile chenye herufi hii: 止. Ichore kiganjani kabla hujapanda ndege. Iwe kiganja cha kulia, maana mkono wa kushoto utakuwa umeshika kikalio.