Wali Uliokataa Kugandana

Mlangoni alisimama binti mwenye kazi moja tu, kukagua vifua vya watu. Klabu ya Kijapani ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam ilikuwa imeshonesha yukata za kitenge kwa ajili ya usiku wake wa utamaduni. Yukata ni vazi jepesi la kiangazi, halina kifungo wala zipu. Upande wa kushoto unalala juu ya wa kulia, kisha unafunga mkanda. Ukiweka wa kulia juu, umevaa kama maiti anayesubiri mazishi. Sasa fundi, kwa huruma zake, aliona haiwezekani mabinti wa watu watembee na nguo isiyo na kishikizo. Akaongeza vifungo, tena kwa desturi ya blauzi za kike, upande wa kulia juu. Kamati nzima ya mapokezi ikaingia ukumbini marehemu. Ilibidi utafutwe wembe, wafufuliwe mmoja mmoja.

Chai nitaipitia haraka, maana wenyewe hawakuipitia haraka hata kidogo. Sen no Rikyu, bingwa wa chai wa Japani aliyefariki mwaka 1591, alipenda kijumba kidogo na wageni wachache. Sisi tulijaa hadi madirishani. Tukaambiwa tupige magoti, tukalie visigino, tutulie. Mhadhiri mmoja wa uchumi alipoitwa mbele kupokea bakuli, aliitafuta miguu yake, akaikosa, akarudi chini taratibu kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Aliyekaa raha mustarehe ni mzee mlinzi wa ukumbi. Kikao kile kwake ni tahiyatu, anakikaa kila siku. Alitazama unga wa kijani ukipigwa kwa kijifagio cha mwanzi mpaka ukatoa povu, akazungusha bakuli kama alivyoelekezwa, akanywa ule uchungu usio na sukari mpaka tone la mwisho, kisha akauliza vitafunwa vinakuja saa ngapi. Akajibiwa kuwa huko kitamu hutangulia chai. Kumbe ndicho kile alichokwisha kukitia mfukoni amwekee mjukuu.

Lakini kasheshe lenyewe lilikuwa jikoni.

Tangazo lilisema sushi, na upishi akapewa mama ntilie wa nyuma ya mabweni. Mchele wa sushi ni wa punje fupi, unaoshikana ukiiva, halafu huchanganywa na siki, sukari na chumvi. Mama alikuja na mchele wa Kyela, ule unaonukia mpaka jirani anabisha hodi. Mwenyekiti wa klabu akamwamkia, akamwomba kwa adabu zote wali ugandane.

"Ugandane?"

"Ndiyo, mama. Ushikane kabisa."

"Mwanangu, mimi nimepikia shughuli za watu hujazaliwa. Ukigandana, watasema kapika nani? Wewe?"

Wali ukatoka na tui la nazi, umechambuka, kila punje na maisha yake. Siki ilibaki kwenye chupa.

Bado mwani wa kuviringishia. Huko Japani aina yake maalumu husagwa na kukaushwa ikawa shuka nyembamba kama karatasi. Mwanachama mmoja wa Paje akasema mwani kwao ni tele, akaja na kiroba. Mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu mwaka 1989, mwingi husafirishwa nje kutolewa kigandishio cha kutia kwenye dawa ya meno na vipodozi. Una matawi, una chumvi, hauviringishi kitu. Alikifungua kiroba mezani, tukakitazama, akakifunga.

Kwa hiyo sushi ikapakuliwa kwenye sahani, na samaki wa kupaka juu. Mwenyekiti, ambaye tayari alikuwa amepoteza mengi, akashikilia vijiti. Vijiti hufaa kwa wali unaoshikana. Huu wa kwetu tuliufukuza punje moja moja mezani, wengine wakivizia ile ya jirani. Mwalimu wa kujitolea, Mjapani pekee ukumbini, alijaribu kidogo, akaweka vijiti chini, akanawa, akala kwa mkono. Ukumbi mzima ukanyanyuka kwenda kunawa. Foleni ya kuongezewa ikafika kwenye meza ya chai.

Kesho yake mweka hazina akaletewa hesabu: mchele, nazi, samaki, mkaa, na mstari wa mwisho, "kusumbuliwa". Akadai risiti. Mama akamwandikia.