Herufi Nne Chini ya Kadi

Jamani, mwenye kadi ya harusi hapo karibu hebu aitoe. Itazame kule chini, pembeni. Umeziona? R.S.V.P., halafu zinafuata namba tatu za simu. Sasa niambieni, nani hapa Tanga, Ngamiani nzima, barabara zote za namba, aliyewahi kuzipiga akasema, "Nitakuja"? Lahaula! Anayezipiga ni yule aliyepotea njia saa tatu usiku, anauliza ukumbi uko wapi.

Juzi hapa kijiweni mzee wetu mmoja wa Makorora kavaa miwani, kaisoma kadi ya mpwawe, kauliza kama hicho ni cheo cha mwenyekiti wa kamati. Khaa! Kila mtu akawa mwalimu. Huyu kasema ni jina la waliochapa kadi. Yule kaapa ni meza za wakubwa. Kijana wa bodaboda, bila hata kupepesa jicho, akatangaza maana yake ni "usije mikono mitupu". Na kadi tumepokea sote, miaka nenda miaka rudi!

Haya, sikilizeni. Ni Kifaransa: répondez s'il vous plaît, yaani "jibu, tafadhali". Zamani Kifaransa kilikuwa lugha ya majumba ya wafalme Ulaya, na Waingereza waliotaka kuonekana watu wa adabu wakakichomeka kwenye mialiko yao. Tanga tumetawaliwa na Wajerumani, wakaja Waingereza. Mfaransa hakututawala hata siku moja, lakini herufi zake zimetufikia hadi Chumbageni. Na zikifika zinateseka, maskini. Huyu anaandika R.V.S.P., mwingine "Tafadhali R.S.V.P.", yaani jibu tafadhali, tafadhali! Mmh, mmh. Pwani hii hii ya Vibambani, alikozaliwa mshairi Shaaban Robert mwaka 1909, tukose maneno ya kumwomba jirani jibu?

Kinachoniuma zaidi ni mpishi. Jibu linatakiwa ili yeye ajue apime mchele kiasi gani, basi. Bibi zetu walilimaliza hili mlangoni: kina mama walipita nyumba kwa nyumba wakialika, na mwenyeji akajibu pale pale, "Tutakuja, inshallah", au akatoa udhuru wake. Leo kadi inatumwa kwenye simu, alama zinageuka buluu, kimyaa! Mtu ameisoma, ameisifia maua yake, hata kuipeleka kwa shoga yake ameipeleka. Kujibu, ng'o. Siku ya siku kadi ya watu wawili inashusha baba, mama, watoto na wageni kutoka Pangani, au wasije kabisa, sufuria la pilau likalala limejaa. Yarabi, na mchango wote ule wa watu!

Enyi wenye harusi, zifuteni herufi hizo. Andikeni, "Tafadhali tujibu kabla ya Jumatano," kisha wekeni namba moja tu, ya mtu anayepokea simu. Na wewe uliyepewa kadi, kama huendi, sema huendi. Hakuna atakayekununia kwa hilo. Piga simu leo, mpishi apime mchele wake.