Ruzuku Iliyopasha Moto Makaratasi

Septemba 2020 serikali ya Uingereza ilifungua mpango wa pauni bilioni 1.5 wa kuzipa nyumba joto: kuziba kuta na dari, kufunga pampu za joto. Mwenye kipato kidogo aliahidiwa vocha ya hadi pauni 10,000, bila kuchangia hata senti.

Lengo? Nyumba 600,000. Ngoma ikavuma.

Machi 2021 ikapasuka. Mpango ulifungwa baada ya miezi sita, mafundi wakidai malipo, wenye nyumba wakingoja vocha. Wakaguzi walikadiria zingefikiwa nyumba 47,500 hivi, na uendeshaji ungekula zaidi ya pauni milioni 50. Yaani makaratasi ya kila nyumba, pauni elfu moja na ushei. Bora wangempelekea bibi kizee makaratasi yenyewe, akokee moto.