Sauti ya Mama Watoto

Mchana mke wangu anauza dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, jioni anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Nyumba yetu ipo Kitangiri, juu kwenye mawe, mahali ambapo ukikohoa jirani wa bondeni anakupa pole. Kwa hiyo alipoamua kutafuta mwalimu wa kumfundisha kuimba, peke yake, nje ya kwaya, jambo hilo lilikuwa la mtaa mzima tangu siku ya kwanza.

Sababu alikuwa nayo. Alikuwa amepewa kuongoza zaburi ya Pasaka, na nota za juu zilikuwa zimeanza kumkwaruza. Katika kwaya zetu mtu hufundishwa wimbo, hafundishwi sauti. Mwalimu husimama mbele, akaimba do-re-mi za sauti ya kwanza, kisha za pili, za tatu, mpaka bezi, nasi tukadaka kwa masikio. Silabi hizo alizieneza mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ili watu wasiosoma muziki waweze kuimba pamoja. Kwa kazi hiyo zimetufaa sana. Lakini hazimwambii mwimbaji afanye nini na koo lake, wala mwalimu mwenye watu wengi mbele yake hapati nafasi ya kuona nani anakaza shingo na nani anaishiwa pumzi.

Mwalimu wa kwanza aliletwa na shemeji. Kijana, mpiga kinanda hodari, alifika kwa bodaboda kinanda kikiwa mgongoni. Somo lake lilikuwa moja: mama watoto asimame dirishani, aangalie bondeni, apandishe nota moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa uwezo wake. "Toa! Toa yote!" Jioni moja alipofika kwenye nota ile ya juu kabisa akaishikilia, mawe yakaipokea na kuirudisha, na sauti ikateremka mpaka barabarani. Haikupita muda mlango ukagongwa. Wanawake wa bondeni walikuwa wamejaa uani, kanga kiunoni, mmoja na ndoo, mwingine na jamvi.

"Shemeji, ni nani?" wakaniuliza.

"Hakuna msiba. Ni mazoezi."

Walikuwa wamepanda mlima kwa ajili yetu, tukawawekea chai. Bibi mmoja alimtazama mke wangu shingoni kwa muda, akasema, "Mwanangu, mishipa imekusimama hivyo, huyu anakufundisha au anakuumiza?" Kijana akajibu kwamba maumivu ndiyo dalili ya sauti kukua. Niliyakataa maneno hayo siku ile na ninayakataa leo. Koo linalouma baada ya somo linaomba somo lisimame.

Somo halikusimama. Kwaresima ikawa inaelekea mwisho, giza la mwezi limekolea, na kwenye giza ndipo taa za wavuvi huwavuta dagaa juu, mzigo ukamwagika mwaloni. Mke wangu akawa anapigizana bei na wanunuzi wa Kongo na Burundi tangu alfajiri, katikati ya vumbi la dagaa na kelele za wapakiaji, kisha jioni anapanda mlima kwenda kupiga nota za juu. Asubuhi moja akaamka akafungua mdomo kuwaita watoto, hakikutoka kitu.

Mama yangu akaja kutoka Magu na dawa zake: tangawizi, ndimu, asali, mayai mabichi. Mkwe wake alikunywa vyote kwa heshima. Asali ilimtuliza koo, lakini kinachomezwa hakifiki kwenye nyuzi za sauti. Chakula na kinywaji vina njia yao, nyuzi zimekaa kwenye njia ya hewa, na tone likikosea njia ni kikohozi. Kinachozifikia moja kwa moja ni mvuke.

Ndipo tulipojua nyumba yetu ilikuwa inaendeshwa kwa sauti ya mtu mmoja. Mwiko ukawa ndio mdomo wake: pigo moja kwenye sufuria, watoto waje, mapigo mawili, maji ya kuoga. Pacha wetu wakaanza kugombana ni nani kaitwa. Simu za wateja alipokea mkubwa wetu, wa darasa la sita, na aliwahi kumuuzia mtu magunia kwa bei ya mwezi uliopita.

Tukaenda hospitali ya Bugando, kliniki ya masikio, pua na koo. Daktari alitazama akakuta nyuzi zimevimba ukingoni, pale vinundu huanzia. Akaagiza kimya, maji mengi, mvuke, na akakataza hata kunong'ona, kwa kuwa mnong'ono wa kulazimisha nao unazikaza. Akatuambia jambo ambalo sijalisahau: mtu aliyefungua njia ya kuzitazama nyuzi zikifanya kazi hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa kuimba. Ni Manuel García, Mhispania aliyefundisha London. Mwaka 1854 alitumia vioo viwili na mwanga wa jua, akaliona koo lake mwenyewe likitoa sauti. Mwimbaji anapoimba ile nota ya la ya kulinganishia vyombo, nyuzi hukutana mara 440 kwa sekunde. Zidisha kwa saa za mazoezi, kisha ongeza siku nzima ya kunadi dagaa.

Zaburi ya Pasaka iliimbwa na binti mwingine. Mke wangu alikaa benchi la nyuma, analia bila sauti.

Mwalimu wa pili tulimpata kwa kuulizia. Ni mama mstaafu wa Nyegezi, aliyefundisha shule na kwaya maisha yake yote. Siku ya kwanza hakumwimbisha hata nota moja. Alimwambia, "Mwanangu, nieleze bei za dagaa," akamsikiliza, akimtazama mabega. Siku nyingine akaja mwenyewe Mwaloni, akakaa juu ya gunia asubuhi nzima. Alipoondoka aliagiza kipande cha boksi kiandikwe bei kwa maandishi makubwa. Akamkumbusha ngoma za Bulabo kule Bujora, mwezi Juni, vikundi vya Bagika na Bagalu vinaposhindana: kiongozi wa wimbo anaita, umati unaitikia, na wakati umati unaitikia yeye anapumzika. Tangu hapo mke wangu huita mara moja, msaidizi wake huitikia bei.

Mazoezi yalikuwa ya mrija wa soda. Unauzamisha kidogo kwenye chupa ya maji, unavuma wimbo ndani yake, mapovu yanapanda. Hewa inayosukumwa nyuma na mrija huzizuia nyuzi zisigongane kwa nguvu, na Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani, ameueneza mrija huu duniani kote. Kwetu uliwaingia watoto wote, ikawa asubuhi nyumba nzima inatoa mapovu.

Ratiba aliipanga kwa mwezi. Giza likiwepo, mrija tu na maneno machache. Mbalamwezi ikitoka, dagaa wakipungua, ndipo masomo marefu. Na kwa kuwa Pasaka hufuata mwezi mpevu kila mwaka, mwimbaji wa Mwaloni anaifikia biashara ikiwa imetulia.

Kisha akamwambia lililo gumu: wewe si sauti ya kwanza. Una nguvu, ndiyo maana walikupandisha, lakini sauti yako inakaa ya pili. Mke wangu alinyamaza siku kadhaa, safari hii kwa hiari yake. Pasaka iliyofuata alisimama na sauti ya pili, na shingo yake ilikuwa imetulia.

Wenyeviti wa kwaya mnaosoma hapa: kila mwaka mnachangisha sare mpya, na kinanda kikiharibika mnapata fedha ya kukitengeneza. Mwaka huu tengeni fungu la mwalimu wa sauti, aje hata mara moja kwa mwezi, amsikilize kila mwimbaji peke yake.