Mwongozo wa Mdoezi Mstaarabu Jijini Arusha

Chakula cha nyumbani kinakishinda cha mgahawani kwa mambo matatu: hakiharakishwi, hakina bili, na kimepikwa na mtu anayekujua. Kasoro yake ni moja tu, kwamba lazima mtu akipike. Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya raia mwema anayeyapenda yale mambo matatu na kuikimbia ile kasoro. Wenye roho mbaya humwita mdoezi. Sisi tunamheshimu: ni mgeni asiyesubiri kualikwa.

1. Ijue ramani ya vyungu

Mdoezi wa kubahatisha hufa njaa. Arusha ina makabila mengi kwenye mteremko mmoja, na kila nyumba ina chungu chake. Ukitamani ndizi, panda kwa Wameru, pande za Akheri, Poli na Nkoaranga, ambako migomba imeizunguka nyumba hadi jikoni. Ukitamani loshoro, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa mpaka yakalainika na kuchanganywa na maziwa mgando, tafuta rafiki Mwarusha wa Ilboru au Ngaramtoni. Kwa Mpare utakuta makande. Mchaga mwenye mtori hahitaji kutafutwa, yupo kila mtaa. Na nyumba iliyopata mchele wa Magugu haijifichi, kwa sababu harufu yake inakupokea getini kabla ya mbwa.

Kariri pia siku za gulio. Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Mtu yeyote unayemfahamu, akionekana Jumamosi asubuhi anashusha mkungu wa ndizi kwenye bodaboda, huyo ndiye mwenyeji wako wa saa nane mchana. Yeye bado hajaambiwa, lakini hilo ni jambo dogo.

2. Piga hesabu ya moto

Hapa ndipo wageni kutoka Tanga na Dar es Salaam wanapoaibika. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Sufuria linatokota kwa kelele, ila maharage yaliyomo hayana habari. Mdoezi wa pwani atafika kwa saa za kwao, akute makande bado yanagonga sufuria kama kokoto, naye akabidhiwe kisu na vitunguu.

Wapo wanaotia magadi ili mambo yaende upesi. Ukiwa mgeni pima kwanza, maana maji ya maeneo mengi chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na magadi ya huku huongeza nyingine. Mweleze mwenyeji wako habari hizo kwa upole, kisha mwambie kwamba katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto maji huchujwa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Utaonekana msomi, na utakuwa umepata sababu ya kuulizia mifupa iliyomo sufuriani.

3. Andaa kisingizio

"Nilikuwa napita tu" kimechakaa, na kwa mji huu kina hatari zake. Hakuna anayepita tu Ilboru. Barabara inapanda mlima, na ukizidi kupita utafika msituni.

Kisingizio kisichopingika ni kwenda kumwona mtoto. Nyumba yenye mzazi haikosi mtori: nyama ya mifupa imechemshwa hadi ikalainika, ndizi mshare zimeivia ndani ya supu yake, kisha vyote vimepondwa kwa mwiko hadi ukawa uji mzito wa kumrudishia mama nguvu. Nenda na sabuni ya mche au kanga, mshike mtoto dakika mbili, msifie pua. Bakuli litakuja lenyewe. Ila usiombe kuongezwa, mtori ule una mwenyewe.

4. Kataa, lakini kwa kiasi

Ukikaribishwa mezani, adabu inataka ukatae. Tatizo ni kipimo. Ukikubali upesi, umejianika. Ukikataa sana, unaweza kukutana na mwenyeji anayeheshimu uamuzi wa watu. Mazungumzo salama huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuta tunakula."

"Ah, asante mama, mimi nimetoka kula sasa hivi."

"Hata kidogo tu, usiniaibishe."

"Basi kidogo tu mama, kwa heshima yako."

Hicho "kidogo" hakijawahi kupimwa popote nchini. Nawa mikono kabla mama hajabadili mawazo.

5. Jihadhari na ndizi mbichi

Hatari kubwa kuliko zote ni kufika mapema ukakuta ndizi bado zina maganda. Utomvu wake hauna huruma: unashika vidole, unageuka mweusi, na Jumatatu ofisini kila mtu atajua ulishinda wapi. Wenyeji hupaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, na ndizi iliyomenywa huwekwa kwenye maji isibadilike rangi. Usionyeshe kwamba unayajua haya. Ukionekana una ujuzi, utapewa beseni zima.

Jifunze pia majina, usije ukachekwa: mshare ni wa mtori, mzuzu ni wa kukaanga, kisukari huliwa kikiwa kimeiva. Mtu anayeomba mtori wa kisukari haalikwi tena, hata na mamake.

6. Kaa mezani kama mtu mwenye asili

Firigisi si yako. Ina mwenyewe, naye anakutazama. Msifie mpishi mapema, kabla ya sahani ya pili, ili sahani ya pili ionekane kuwa ni ushahidi. Usitaje kamwe chakula cha nyumba nyingine. Ukishiba, usinyanyuke, maana mji wa baridi kama huu una chai ya maziwa baada ya chakula, hasa Juni na Julai.

7. Suala la kisheria

Uadilifu unatulazimu tuseme ukweli. Azimio la Arusha, lililopitishwa mjini hapa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari, lilitaka kila anayeweza kufanya kazi afanye, mtu asiishi kwa jasho la mwenzake. Liliwatoa watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu na waliokosa kazi bila kupenda. Tumelipekua lote, mwenye njaa ya Jumamosi hakutajwa. Enzi zile aina yako iliitwa kupe. Jengo lilimojadiliwa Azimio hilo sasa ni makumbusho pale Kaloleni, ukitaka kwenda kukata rufaa.

Na kuna jambo ambalo wadoezi wakongwe hukiri faraghani. Anayefika chakula kimeiva hula chakula tu. Waliokuja mapema, wakapaka mafuta mikononi na kukaa kwenye vigoda kuzunguka beseni la ndizi, ndio waliosikia habari yote ya harusi iliyovunjika, wakaonja mchuzi kiganjani, wakabishana kuhusu chumvi, wakacheka mpaka moshi ukawapalia. Ile kasoro tuliyoikimbia tangu mwanzo ndiyo iliyobeba nusu ya utamu. Hakuna mbinu ya kuidoea. Inapatikana kwa kisu na ndizi.

Kwa hiyo, msomaji, Jumamosi hii nenda Tengeru asubuhi. Nunua mkungu wa mshare, pitia buchani uchukue mifupa yenye nyama, uwapigie simu marafiki zako waje saa nne, maganda yakiwa bado yapo. Na kadiria watu wanne zaidi ya uliowaalika, kwa sababu mwongozo huu umesomwa na wengi.